Nyekundu Inaanzia Wapi?

Ukisimama kwenye mwinuko wowote upande wa Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, utayaona maziwa yaliyo majirani lakini hayafanani rangi. Moja lina kijani kizito, la pili limeelekea buluu, la tatu linabadilika kadiri wingu linavyopita juu yake. Momela Kubwa, Momela Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Tulusia: kila moja lina chumvi zake, kila chumvi ina mwani unaoivumilia, na mwani ndio unaolipa ziwa rangi. Heroe nao hufuata mwani na kuongeza waridi yao pembezoni. Kilichoyeyuka ndani ya maji kinatokeza juu kama rangi, na hakuna mtu aliyekitungia kanuni.

Kipimo kinachowagusa zaidi watu wanaoishi chini ya Mlima Meru, hata hivyo, hakina rangi kabisa. Floraidi ikishayeyuka haionekani, hainuki, na kwa viwango vya maji ya kunywa ulimi hauitambui. Utafiti wa kijiokemia uliochapishwa mwaka 1984 ulitaja miligramu 60 hadi 690 kwa lita katika madimbwi na maziwa ya magadi ya ukanda huu, na miligramu 12 hadi 76 katika mito inayoshuka mlimani. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi 1.5. Hata mto Maji ya Chai, uliopewa jina kwa sababu ya rangi yake, hauwezi kutuonya kwa rangi hiyo, kwa kuwa floraidi haigeuzi maji kuwa ya kahawia. Chemchemi angavu kama kioo inaweza kubeba mara kumi ya kiwango salama.

Kwa hiyo rangi inabidi tuiweke sisi. Tunaiweka kwenye ramani za simu, kwenye vishikwambi vya maofisa, kwenye majedwali ya kompyuta na dashibodi za wizara. Tarakimu ikivuka mpaka fulani, nukta inageuka nyekundu. Kazi hiyo inaonekana ndogo, ya mtengenezaji programu kumalizana nayo kabla ya chakula cha mchana. Mimi naiona kuwa nzito kuliko sehemu nyingine zote za mfumo, kwa sababu watu wengi hawatasoma tarakimu. Wataisoma rangi, na kuitii.

Asubuhi moja, kwenye kilula upande wa Ngare Nanyuki, nilimwonyesha mama mmoja ramani ya vyanzo vya maji niliyokuwa nayo kwenye simu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaishika simu na kukinga kioo kwa kiganja maana jua lilikuwa limeshakuwa kali. Akatazama nukta za kijani, njano na nyekundu. Kisha akauliza: "Hii nyekundu, bomba limekufa au maji ni mabaya?"

Nilibonyeza nukta ile. Lilikuwa bomba bovu. Ya kijani iliyokuwa jirani yake, ambayo mtu yeyote mwenye dumu tupu angeikimbilia, ilikuwa na maana moja tu, kwamba maji yanatoka. Kuhusu floraidi ramani haikusema neno. Mama yule alikuwa amegusa kasoro ambayo waliotengeneza ramani hawakuiona, nami nilikuwa nimeitumia kwa wiki kadhaa bila kuiona.

Jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Kuna thamani, kuna sharti, kuna vazi. Thamani ni 12.6. Sharti linasema: ikizidi 1.5, ivike nyekundu. Vazi ni rangi ya nukta, unene wa herufi, alama ya mshangao, au chochote kinachobadilika machoni huku thamani yenyewe ikibaki kama ilivyo. Utengano huo wa mwili na vazi una historia katika kompyuta. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, alipendekeza CSS, lugha ya kuvisha kurasa za intaneti bila kugusa maandishi yake, na toleo la kwanza likawa kiwango rasmi Desemba 1996. Katika lahajedwali, Excel 97 ilileta uwezo wa kupaka visanduku rangi kwa masharti, lakini masharti yasiyozidi matatu. Ukomo huo ulidumu hadi toleo la 2007. Nadhani miaka ile kumi ilitosha kuzoesha ofisi za dunia nzima kufikiri kwa rangi tatu za taa ya barabarani, hata pale ambapo jambo lenyewe lilihitaji mbili au saba.

Makosa huanzia kwenye sharti, nayo mengi hayapigi kelele. Chukua jedwali la vipimo ambamo mpaka wa nyekundu ni 4.0 na safu ya floraidi imehifadhiwa kama maandishi badala ya tarakimu. Programu ikilinganisha maandishi kwa maandishi, inaanza na herufi ya kwanza, kama kamusi inavyopanga maneno. "12.6" inaanza na 1, "4.0" inaanza na 4, na 1 hutangulia 4. Hivyo 12.6 inahesabiwa kuwa ndogo kuliko 4.0, na chemchemi yenye sumu inavikwa kijani. Hakuna ujumbe wa hitilafu utakaojitokeza. Au chukua mpangilio wa masharti: la kwanza linasema ikizidi 1.5 iwe njano, la pili linasema ikizidi 4 iwe nyekundu, na mfumo umeagizwa kusimama kwenye sharti la kwanza linalotimia. Kwenye ramani hiyo nyekundu haitatokea milele.

Kosa lingine linaanzia mbali na kompyuta, kwenye kipimo chenyewe, nalo linastahili kutazamwa kwa karibu. Njia moja maarufu ya kupima floraidi hutumia kitendanishi chekundu kiitwacho SPADNS. Unatia sampuli, unatia kitendanishi, unasubiri kidogo, kisha kifaa kinapima rangi iliyobaki. Floraidi huifubaza ile rangi nyekundu, kwa hiyo maji yenye floraidi nyingi huacha kichupa kikiwa kimepauka na maji salama hukiacha chekundu. Ni kinyume kabisa na ramani itakayochorwa jioni. Tena njia hii inasoma vizuri hadi miligramu 2 hivi kwa lita, ilhali maji ya mteremko wa Meru mara nyingi yako juu ya hapo. Mpimaji inambidi ayachanganye na maji yasiyo na kitu, tuseme mara kumi, halafu azidishe jibu kwa kumi. Akisahau kuzidisha, 12 inaingia daftarini kama 1.2. Kutoka hapo kila kitu kinaenda sawasawa: tarakimu ni tarakimu kweli, sharti limeandikwa vizuri, na nukta inang'aa kijani.

Tuseme makosa yote hayo yamerekebishwa. Bado lipo swali la mpaka, na historia ya mpaka huu hapa nchini inafundisha kuliko kitabu chochote cha usanifu wa violesura. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Haukuwa uzembe. Maeneo mengi hayakuwa na chanzo kingine, na kufunga bomba la miligramu 6 kungewarudisha watu kwenye dimbwi lenye kipindupindu. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na sasa kimeshuka hadi 1.5, sawa na ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Fikiria chemchemi yenye miligramu 3.2, isiyobadilika miaka yote. Chini ya 8 ni ya kijani. Chini ya 4 bado ni ya kijani. Siku kiwango kilipofika 1.5 iligeuka nyekundu, na maji ndani yake ni yaleyale aliyoyanywa bibi.

Utepe wa kupima utapiamlo kwenye mkono wa mtoto kliniki nao umepita njia hiyo. Mzunguko wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 utepe unaonyesha nyekundu, kati ya hapo na 12.5 njano, kuzidi hapo kijani. Lakini 11.5 ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2009. Kabla ya hapo mpaka ulikuwa 11. Mtoto wa sentimita 11.2 aliyekuwa nje ya nyekundu akawa mwekundu. Safari hii mpaka ulisogezwa ili watoto wengi zaidi wapate tiba mapema, na nadhani ulisogezwa kwa haki. Ila muuguzi anayeuvuta utepe anaona karatasi yenye rangi tu. Majadiliano ya wataalamu, hesabu za vifo, bajeti ya chakula cha tiba, vyote vimebanwa ndani ya mstari mmoja mwembamba pale njano inapokutana na nyekundu.

Rangi kwenye kioo ni hukumu, basi, na hukumu ina hakimu, ina sheria, ina tarehe. Mahakamani hatukubali hukumu isiyotaja kifungu. Kwenye dashibodi tunaikubali kila siku.

Wanaotengeneza mifumo hii watasema mtumiaji anataka wepesi, na tarakimu zitamchosha. Kuna ukweli hapo. Ofisa wa wilaya mwenye vituo mia nne hana muda wa kusoma kila kipimo, na jicho huikamata nukta moja nyekundu kati ya mia za kijani kabla akili haijaanza kusoma. Nguvu hiyo ndiyo sababu rangi inafaa kutumika. Lakini mipaka mikali ina ukatili wake pia. Chanzo cha 1.4 na chanzo cha 1.6 vinaweza kuwa sawa kabisa ukizingatia usahihi wa kifaa, lakini kimoja ni kijani na kingine chekundu, ilhali cha 1.6 na cha 60 vinavaa vazi moja. Mama wa kilulani anahitaji kujua tofauti ya hivyo viwili vya mwisho kuliko tofauti ya vile viwili vya mwanzo. Rangi inayokolea taratibu kadiri kipimo kinavyopanda ingemwambia. Rangi tatu zinamficha.

Linaloniumiza zaidi ni pale ambapo hakuna kipimo. Kati ya mwaka 2010 na 2013 Wizara ya Maji iliendesha uorodheshaji wa vituo vya maji nchini, na sehemu ya takwimu zake ilitumika baadaye katika shindano la kimataifa la wachambuzi wa data, zikiwemo rekodi 59,400. Ni hazina kubwa. Kuna safu ya ubora wa maji yenye makundi kama laini, chumvi, floraidi, na hata floraidi iliyoachwa, yaani chanzo kilichotelekezwa kwa sababu hiyo. Lakini ukiitazama safu ya mwaka wa ujenzi, zaidi ya rekodi 20,000 zina 0. Hakuna bomba lililojengwa mwaka 0. Sifuri pale ina maana kwamba haikujulikana. Ukiandika sharti kwamba kituo chenye zaidi ya miaka 20 kiwe chekundu, umewahesabia wanakijiji bomba la miaka elfu mbili. Ukigeuza na kuandika sharti la floraidi kwenye jedwali ambalo pengo hujazwa sifuri, kila chanzo ambacho hakijawahi kupimwa kinakuwa chini ya 1.5, na ramani nzima ya Meru inachanua kijani. Kutojua kumevaa nguo ya usalama. Sijui kosa katika kazi hii linaloweza kudhuru kuliko hilo, na halihitaji mtu mbaya yeyote ili litokee.

Kijivu ndiyo rangi ya haki kwa kisichopimwa. Kiswahili chenyewe kinaieleza vizuri, kwani kijivu ni rangi ya majivu, mabaki ya kitu ambacho huwezi tena kukitambua. Nikiwa kwenye lugha, niseme jambo ambalo wasanifu wetu hawalitumii vya kutosha. Nyeupe, nyeusi na nyekundu ni maneno yetu ya rangi yanayosimama yenyewe. Mengine mengi tumeazima kwenye vitu: kijani ni jani, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, chungwa ni chungwa. Ukimwambia mtu "rangi ya chungwa" anaona chungwa kabla hajaona onyo. Na kijani, ambacho kwenye dashibodi ni salama, kwa mkulima wa mteremkoni ni shamba lililopata mvua, lakini kwenye ndoo ya maji ni ukungu wa mwani unaomfanya aimwage. Hapa nchini kuna rangi zilizokwisha kukaliwa na vyama vya siasa, na kuna kampuni za simu ambazo nyekundu ni nembo yao, hivyo programu nzima ni nyekundu na onyo la salio kuisha halina pa kujitofautishia. China, kwenye bodi za hisa, nyekundu ni bei inayopanda. Hakuna rangi inayofika kwenye kioo ikiwa tupu.

Zaidi ya hayo, si kila jicho linaona rangi sawasawa. Upofu wa kutofautisha nyekundu na kijani hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ndiyo maana huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Kwa watu wenye asili ya Ulaya hukadiriwa kuwa mwanamume mmoja kati ya 12; kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Kwao mpangilio wa kijani na nyekundu ni nukta mbili za rangi ya tope. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa kurasa, WCAG, inaagiza tangu toleo la kwanza la 1999 kwamba rangi isiwe njia pekee ya kufikisha habari. Ongeza jua la saa sita la Ngare Nanyuki juu ya simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka, na utaona kuwa agizo hilo halikuandikwa kwa ajili ya wachache.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inafanya jambo hili kwa namna ninayoipenda. Tahadhari zake zina rangi, lakini kila rangi imefungwa na neno: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Msikilizaji wa redio asiyeona ramani anapata daraja lilelile la onyo. Rangi ikifutika, neno linabaki limesimama.

Na rangi zikishatundikwa, watu hujipanga kuzikwepa. Mwaka 2013, chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilianza kupangwa hadharani kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, zikiwekwa katika makundi ya kijani, njano na nyekundu, pamoja na nafasi ya kila shule wilayani. Wachumi Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza kilichofuata. Shule za mkiani ziliinua ufaulu, lakini sehemu ya njia ilikuwa watahiniwa kupungua: baadhi ya wanafunzi hawakufika kwenye mtihani. Walimu wakuu hawakuwa na roho mbaya kuliko binadamu wengine. Waliwekewa sharti, wakaona ni upande gani wa sehemu, waliofaulu au waliofanya mtihani, unaosogea kirahisi. Nina hofu ileile kwa maji. Ukimpima meneja wa skimu kwa idadi ya nukta nyekundu, njia rahisi ya kupunguza nyekundu ni kutokupima.

Ramani ambayo ningependa mama yule aikute siku nyingine si ya kifahari. Bomba linalotoa maji na maji yanayonyweka viwe alama mbili tofauti: umbo la nukta liseme kama bomba ni zima, rangi iseme habari ya floraidi. Kando ya rangi kuwe na neno na tarakimu, "hayafai kwa watoto, 6.3". Chini yake, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, kikomo kilichotumika na aliyekiweka. Kisha tarehe, na rangi ififie kadiri kipimo kinavyozeeka, maana maji ya chemchemi hubadilika kwa mvua na kiangazi, na kipimo cha miaka sita hakistahili kung'aa sawa na cha juzi. Kata isipewe rangi ya wastani. Kwenye mlima huu chemchemi mbili za bonde moja zinaweza kutofautiana mno, na wastani wa nzuri na mbaya hauko ndani ya ndoo ya mtu yeyote. Na kila nyekundu ionyeshe njia ya kwenda kwenye kijani kilicho karibu, au kwenye chujio. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mkaa wa mifupa, na Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga alibuni chujio lililompa tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015. Onyo lisilo na mlango wa kutokea linamwacha mtu na hofu na dumu tupu.

Haraka yangu ina sababu. Mwili nao una kanuni yake ya kupaka rangi kwa masharti. Meno ya mbele ya utu uzima huundwa ndani ya taya katika miaka ya mwanzo ya mtoto, na huota akiwa na miaka 6 hadi 9. Floraidi ikizidi wakati wa kuundwa, jino linatoka na michirizi myeupe kama chaki, kisha madoa ya kahawia, na mbele zaidi mashimo. Thylstrup na Fejerskov mwaka 1978 waliipanga hali hiyo kwa madaraja ya 0 hadi 9. Rangi hiyo inakuja miaka mingi baada ya maji kunywewa, na hapo hakuna anayeweza kulibadilisha sharti. Mtu wa Arusha akicheka mjini Dar es Salaam, wengine hujua anakotoka kabla hajajitambulisha.

Nukta za kijivu ndizo zinazonivuta sasa. Zimezagaa kuanzia njia ya Momela hadi ng'ambo ya Ngare Nanyuki, na hakuna kanuni itakayozipa rangi mpaka mtu aende. Achukue chupa ya plastiki, isiwe ya kioo, kwa sababu floraidi hushambuliana na kioo. Aisuuze mara tatu kwa maji ya chanzo chenyewe, aijaze, aifunge. Aandike kwenye chupa, kwa kalamu isiyofutika, jina ambalo wenyeji wanaiita chemchemi ile, na tarehe.